Nilivyozitengea Kontena Diski Yake, na Kosa Nililolifanya Katika Fstab

Seva ninayoitunza imewekwa katika chumba kidogo nyuma ya ghala la vipuri vya magari, Eneo la Viwanda hapa Nairobi, na kwa zaidi ya mwaka mmoja kontena zake zote (programu zinazoendeshwa kila moja ndani ya kisanduku chake) zilitumia diski ileile ya gigabaiti 120 iliyobeba mfumo endeshi. Asubuhi moja hifadhidata ya bidhaa ilikataa kuandika ankara, na nilipochunguza nikakuta diski imejaa pomoni. Saraka ya /var/lib/docker, ambamo Docker, programu inayoendesha kontena hizo, huweka vitu vyake, peke yake ilikuwa imemeza gigabaiti 87, nyingi zikiwa imeji (vifurushi vinavyotumika kuundia kontena) zilizopitwa na wakati pamoja na faili moja ya kumbukumbu (logi) za kontena iliyonenepa bila kuzuiwa, kwa kuwa Docker isipoelekezwa vinginevyo haiziwekei faili hizo kikomo.

Nilifuta imeji zisizotumika ili kazi iendelee, kisha nikanunua diski ya gigabaiti 500 katika barabara ya Luthuli. Niliiumbiza kwa mfumo wa faili wa XFS, nikahakikisha kwamba mpangilio wake wa ftype ni 1, maana overlay2, njia ambayo Docker hupangia tabaka za imeji, haifanyi kazi bila hiyo, nikaiunganisha kwenye saraka ya /hifadhi. Kunakili nilikufanya mara mbili kwa amri ya rsync -aHAX: mara ya kwanza kontena zikiendelea na kazi, ili mzigo mkubwa uvuke, na mara ya pili baada ya kusimamisha docker.service, yaani huduma yenyewe, na docker.socket, soketi ambayo maombi kwa Docker hupitia, ili hifadhidata isinakiliwe ikiwa katikati ya kuandika. Ukisahau kusimamisha hiyo soketi, Docker huamka yenyewe mara tu mtu anapoigusa. Hatimaye niliandika data-root mpya, yaani mahali Docker inapoweka data, ndani ya faili yake ya mipangilio, daemon.json, nikaongeza max-size na max-file, vikomo vya ukubwa na idadi ya faili za kumbukumbu, na ikanibidi niziunde kontena upya kwa sababu vikomo hivyo havizihusu zilizokwishaundwa.

Wiki tatu baadaye stima ilipotea usiku. Asubuhi mama anayesimamia stoo akanipigia simu: “Kijana wangu, mbona kompyuta inasema hatuna hata plagi moja?”

Kosa lilikuwa langu. Katika fstab, faili inayoieleza seva diski za kuunganisha inapowaka, nilikuwa nimeandika /dev/sdb1 badala ya UUID, kitambulisho cha diski kisichobadilika, ilhali majina hayo hutolewa kufuatana na jinsi diski zinavyotambuliwa seva inapowaka, na usiku ule flashi ya bakapu ilikuwa imechomekwa ikatwaa jina hilo. Kwa kuwa nilikuwa nimeweka pia nofail, yaani iendelee kuwaka hata diski isipounganishwa, seva iliwaka bila kulalamika. Docker ikaikuta saraka tupu ya /hifadhi, ikaijaza upya, na skripti yangu ya kuwashia kontena ikapakua imeji zote kutoka intaneti na kuanzisha hifadhidata mpya isiyo na kitu. Afadhali seva ingegoma kabisa, kwani ankara tano zilikuwa zimekwishaandikwa humo na tulizirudia kwa mkono. Data halisi ilikuwa salama kwenye diski yake, ikisubiri kuunganishwa.

Nilisimamisha Docker, nikafuta yote yaliyoandikwa mahali pasipo pake kabla ya kuirudisha diski, kwa sababu yangebaki yamefunikwa chini yake yakila nafasi ya diski kuu pasipo kuonekana. Saraka ilipokuwa bado tupu niliifunga kwa chattr +i, ili isiandikike diski isipokuwepo. Katika fstab niliweka UUID, na katika mipangilio ya docker.service nikaongeza mstari wa RequiresMountsFor=/hifadhi, unaoizuia Docker kuanza kabla diski haijaunganishwa.

Jumamosi iliyofuata, ghala likiwa limefungwa, niliizima seva, nikachomoa waya wa diski na kuiwasha tena. Mfumo endeshi uliwaka, Docker ikakataa kuanza, na /hifadhi ikabaki tupu kama nilivyoiacha.