Kopo la dawa la dada yangu

Jamani hii nimekaa nayo wiki nzima nikaona niandike tu. Jumapili nilishuka Makambako kumsalimia dada, nikaingia chumbani kuchukua kitenge maana baridi ilikuwa kali, nakuta kopo la ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, nyuma ya gunia la viazi, limejaa na mfuniko una vumbi. Namuuliza dada vipi, ananiambia kuna mtu kamtumia wasap kitabu cha mwanasiasa wa Marekani Robert F. Kennedy Jr., kile cha 2021 kinachomshambulia Dkt. Anthony Fauci wa Marekani, kakitafsiri vipande vipande kwa voisi, eti hata hilo la UKIMWI kuletwa na virusi ni jambo la kubishaniwa!!

Mimi siwezi kukaa kimya kwa hilo. Fauci mkosoe, aliongoza taasisi ya Marekani ya magonjwa ya kuambukiza (NIAID) toka 1984 hadi 2022, mtu wa hivyo lazima aulizwe maswali, na makampuni ya dawa pia yaulizwe. Ila virusi vipo, huku Njombe na Iringa tumezika mpaka tukachoka, na dawa za bure zilipoanza kuja, nyingi kwa ule mpango wa Marekani wa 2003 wa kupambana na UKIMWI (PEPFAR) ambao huyo huyo Fauci alisaidia kuubuni, watu wakaanza kuinuka vitandani, dada akiwemo, alikuwa anabebwa mgongoni yule.

Tulilia wote pale kitandani. Jumatatu asubuhi nikampeleka kliniki mwenyewe, nesi hakumfokea hata kidogo, wakamtoa damu wakapime wingi wa virusi. Majibu bado tunasubiri.