Erlkönig kwenye joto la Dar

Kikundi kinachotaka kuimba Lieder, yaani mashairi ya Kijerumani yaliyotungiwa muziki wa mwimbaji mmoja na piano, kijipime kwa wimbo wa Erlkönig. Schubert aliutunga mwaka 1815 kwa shairi la Goethe. Ni wa dakika nne hivi, na mwimbaji mmoja anabeba sauti nne: msimulizi, baba anayekimbiza farasi, mtoto aliyembeba, na Erlkönig mwenyewe, mfalme wa mizimu anayemrubuni mtoto.

Shida huanzia kwenye piano. Mkono wa kulia unarudia oktava (noti moja, ya chini na ya juu kwa pamoja) tatu tatu kwa kasi ya farasi, karibu wimbo mzima. Msimu wa masika, mbao na vitambaa vya ndani ya piano hunyonya unyevu na kuvimba. Kitufe ulichobonyeza kinachelewa kupanda, noti ya pili inamezwa, farasi anachechemea. Usipulizie mafuta kamwe: yanaloweka vitambaa na kuongeza ugumu. Mwite fundi alegeze vitufe vilivyobana. Na kiyoyozi kisiwashwe saa moja kabla ya onyesho, maana hewa ikikauka ghafla piano inatoka kwenye tyuni. Washa tangu jana yake, tyuni ifanyike asubuhi hali ikiwa hiyohiyo, usizime.

Mpiga piano asikaze kiwiko. Mkono ukichoka kabla mfalme hajaanza kubembeleza, kasi ilikuwa kubwa mno.

Upande wa sauti, waimbaji wa kwaya zetu wana masikio mazuri, ila Kiswahili kimetuzoesha kufunga neno kwa irabu. Neno la mwisho la wimbo ni “tot”, yaani mtoto amekufa. Likitoka “toti”, kifo chote kimeharibika. Ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno, pumzi itoke, basi. “Kind” nayo huishia na t, ingawa imeandikwa d. Kwa “ich”, tamka i, ulimi ubaki palepale, kisha puliza bila sauti. Si “ish”, si “iki”. Kwa “ach”, tumia kh ya kheri, ya wale wanaoitamka kooni.

“Mein Vater” (baba yangu) ya mtoto inarudi mara tatu, kila mara juu zaidi. Ukiipigia kelele mara ya kwanza, ya tatu huna pa kwenda. Noti ya G ya juu ikikushinda, nunua nakala ya sauti ya kati au ya chini. Nyimbo hizi zimechapwa hivyo tangu zamani.

Tafsiri ya Kiswahili igawiwe mlangoni, taa za ukumbini zisizimwe.