Msumeno wa Mviringo na Mruko wa Kurudi Nyuma
Kinachonitia hofu zaidi katika msumeno wa mviringo wa mkono si ukali wa meno yake, bali ni ule mruko wa ghafla wa kurudi nyuma, ambao hutokea ubao unapopinda kwa uzito wake wenyewe, mkato ukajifunga na kuibana diski ingali inazunguka. Niliwahi kuegemeza ncha mbili za ubao juu ya viti na kukata katikati. Mashine iliruka kunielekea, na sikuumia kwa sababu tu nilikuwa nimesimama kando ya mstari wa mkato. Siku hizi huubana ubao mezani kwa jiriwa, karibu na mstari, na kukiacha kipande kifupi kianguke chenyewe. Meno hujitokeza chini ya ubao kwa milimita 3 hadi 6 tu. Wapo wanaoizuia kinga ya chini, yaani kifuniko cha meno kinachojifunga chenyewe, kwa kabari ili isiwasumbue, jambo ninaloliona kuwa wendawazimu mtupu, kwani diski huweza kuendelea kuzunguka kwa muda baada ya swichi kuachiliwa. Miwani huvaliwa daima, na plagi huchomolewa kabla ya kubadilisha diski.