Sahani za Lubaina mjini Hull

Mwaka 2017 waandaaji wa Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya Uingereza, waliondoa sharti la umri. Tangu 1991, msanii aliyefikisha miaka 50 alikuwa hana chake pale, hata awe hodari vipi. Sharti lilipoondoka tu, kati ya wanne walioteuliwa kuwania, wawili walikuwa wameshauvuka umri huo: Hurvin Anderson, aliyezaliwa 1965, na Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja 1954.

Mama mdogo, aliyekuwa akiishi Leeds, hayo ya umri hayakumshughulisha. Alichosikia ni Unguja. Nikamweleza kwamba Lubaina aliondoka kisiwani angali mtoto wa miezi, baada ya kufiwa na baba yake aliyekuwa mtu wa Komoro, akalelewa Uingereza na mama yake. "Kwani kitovu chake kimezikwa wapi?" akaniuliza. Basi tukapanda treni kwenda Hull, kwa kuwa mwaka ule maonyesho ya kazi za walioteuliwa hayakuwa London bali huko, katika jumba la sanaa la Ferens. Kiingilio bure, jambo lililomfurahisha kuliko sanaa yenyewe.

Kwa Anderson hatukukawia sana, ingawa picha zake za vinyozi nilizipenda. Moja inaonyesha ukuta wa kinyozi uliobandikwa picha za watu. Martin Luther King na Malcolm X unawatambua, wengine ni vivuli tu. Kwa Andrea Büttner, mteule mwingine, kulikuwa na ombaomba waliochongwa kwenye mbao kisha kuchapwa, wamejifunika gubigubi, mikono imetangulia mbele. Karibu yao zilitundikwa karatasi kubwa zenye michirizi ya rangi, ambayo kumbe ni alama za vidole alizoziacha kwenye kioo cha simu yake. Mama mdogo alitoa simu yake mkobani, akaitazama, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

Kisha tukafika kwa Lubaina. Nadhani alitarajia milango ya Mji Mkongwe, au walau mnazi mmoja. Alichokuta ni meza ndefu iliyojaa vyombo: sahani, majagi, mabakuli ya supu yenye vifuniko, vyote vikuukuu, na juu yake pamepakwa rangi.

"Ee! Vyombo vizima hivi, mtu anavichafua?"

Nikamwambia ainame. Kwenye sahani moja alikuwepo mwanamke mweusi wa kutumwa, kavaa nadhifu, uso umetulia kama anayengoja ulimalize swali lako. Kwenye nyingine bwana wa Kizungu aliyevimba mashavu anatapika. Kazi hiyo Lubaina aliifanya 2007, mwaka Waingereza walipoadhimisha miaka 200 tangu kupigwa marufuku biashara yao ya watumwa, na vyombo hivyo vinahusu Lancaster, mji uliotajirika kwa biashara hiyo. Matajiri wenyewe wanatapika kwa kuwa shibe imefika mwisho. Na vinaonyeshwa Hull, alikozaliwa William Wilberforce, mji unaojivunia mtu aliyeipinga biashara ile! Sijui kama waandaaji walikusudia, lakini mahali pale paliwafaa wale wanaotapika.

Mama mdogo aliizunguka meza ile polepole, mikono nyuma, akisoma nyuso moja moja. Hata Margaret Thatcher na Ronald Reagan, waziri mkuu wa Uingereza na rais wa Marekani wa enzi zile, waliokatwa kwenye mbao wakitongozana katika kazi kubwa ya Lubaina ya 1986, hawakumng'oa pale.

Mimi nilikwenda kukaa gizani kwenye filamu ya Rosalind Nashashibi, mteule wa nne, aliyoipiga Gaza kabla tu ya vita vya 2014. Hakuna risasi, hakuna maelezo. Vijana wanaosha farasi baharini, watu wamejaa kwenye geti la mpaka, mara picha inageuka katuni halafu inarudi. Utulivu ule unatisha kuliko taarifa ya habari. Nikatoka nimeshaamua nani apewe.

Tarehe 5 Desemba wakamtangaza Lubaina: mwanamke mweusi wa kwanza kuipata tuzo ile, na mtu mzima kuliko wote waliowahi kuipata hadi siku hiyo. Pauni 25,000 kwake, 5,000 kwa kila mmoja wa wale watatu. Simu ikalia kabla sijazima televisheni. Mama mdogo alipiga kigelegele kilichonilazimu kuisogeza simu mbali na sikio. Nikampongeza, halafu nikasema kwamba mimi ningempa yule wa Gaza.

"Yule wa farasi? Nilimwona, nilichungulia wakati wewe umekaa. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo." Akanyamaza kidogo. "Lakini wewe mwanangu, huna kwenu?"

Tukabishana mpaka salio lake likaisha.