Mapakacha 14 yamefika Mombasa

Nimepokea simu sasa hivi kutoka Mombasa: maembe yangu yamefika salama, mapakacha yote 14. Alhamdulillahi!

Msimu uliopita nililia pale bandarini Wete, kwetu Pemba, wallahi. Mzigo ulikwama siku tatu kwa karatasi moja tu, na embe boribo likishaiva halimngoji mtu. Nilipofungua pakacha la juu, maji ya embe yalinichuruzika hadi kiwikoni, nyuki wamejaa tele.

Safari hii nilianza na makaratasi kabla hata sijachuma. Jamani, wengi wetu hatujui: mazao ya Afrika Mashariki yaliyomo kwenye orodha ya pamoja ya nchi za Jumuiya, mzigo ukiwa hauzidi dola 2,000, yana cheti chake chepesi cha uasili (cha kuonyesha mazao yametoka wapi), na ushuru wa forodha hulipi. Ukaguzi wa afya ya mimea uko palepale, huo usiukwepe. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki upo tangu 2005, na sisi bado tunamwachia dalali faida yote kwa kutouliza!

Dada zangu wa Wete, Konde na Micheweni, mwenye embe au ndimu za kuvusha aniandikie. Tutakaa tujaze fomu pamoja.