Mwajiri Asisubiri Mahafali

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 dunia itapungukiwa na wahudumu wa afya wapatao milioni 11, na mwongozo wake wa mwaka 2021 unashauri vyuo vidahili vijana waliokulia vijijini na kuwapeleka huko huko kwa mafunzo ya vitendo. Ninaliunga mkono shauri hilo kwa moyo wote. Hata hivyo, chuo peke yake hakiwezi: nimemwona mwanafunzi akitafuta mshipa wa mtoto kwa mikono inayotetemeka, huku muuguzi pekee wa zamu, mwenye wodi nzima mabegani, akishindwa kusimama naye hata dakika mbili. Hospitali zikae na vyuo mapema, zikubaliane idadi ya wanafunzi, na zimpunguzie wagonjwa muuguzi anayewaelekeza ili apate nafasi ya kufundisha.