Kumbukumbu ya mradi wangu: mstari wa Stardew Valley umekubali

Hatimaye mstari wangu wa mauzo ya Stardew Valley, mchezo wa video wa kulima shamba, umelingana na takwimu, nami ninaandika haya hapa Lubumbashi umeme ukiwa bado upo, ili hesabu yenyewe isipotee.

Fomula iliyonitesa ni ile inayojulikana: mauzo makubwa wiki ya kwanza, kisha yanapungua kwa kiwango kilekile mpaka jumla ilale. Mchezo huu, uliotengenezwa na Eric Barone, ulitoka Februari 2016. Kwa matangazo yake, nakala milioni 10 zilitimia Januari 2020, milioni 20 Machi 2022, na milioni 41 Desemba 2024. Milioni 10 za kwanza zilichukua karibu miaka minne, za pili miaka miwili na miezi michache, na tangu hapo kasi imepita milioni 7 kwa mwaka. Nilipunguza kiwango cha kufifia hadi karibu na sifuri, na fomula ikaendelea kukataa, kwa sababu haiwezekani kueleza kitu kinachoongeza kasi kwa hesabu ya kitu kinachofifia. Iliniudhi mno.

Njia ilifunguka nilipoacha kuuhesabu mchezo kama uzinduzi mmoja. Jumla ile hujazwa kama mto Kafubu, kwa vijito: kompyuta kwanza, mashine za michezo za PlayStation 4 na Xbox One Desemba 2016, ile ya Nintendo Switch Oktoba 2017, simu kuanzia Oktoba 2018, pamoja na matoleo mapya ya bure kama 1.5 na 1.6. Kila kijito nilikipa mwanzo wake na kufifia kwake, na chini ya vyote nikaweka mkondo mdogo usiokauka, yaani watu wanaopata kompyuta au simu yao ya kwanza kila mwaka, ambao kwao mchezo wa 2016 ni mpya kabisa. Mkondo huo ndio uliomaliza ubishi, na ninajivunia kuupata.

Kazi hii niliifanya kwa lugha ya programu ya Python na SciPy, maktaba yake ya hesabu. LibreOffice Calc, programu ya majedwali, huchora vizuri, lakini vigezo vikizidi vitatu kutafuta thamani zake kunakuwa adhabu, ilhali Python ikishapakuliwa haihitaji mega za intaneti tena.

Hata hivyo, nukta tatu za matangazo ni chache kuliko vigezo vyangu, na kwa uchache huo karibu fomula yoyote ingekubali. Kwa hiyo Terraria, mchezo mwingine niliyoupanga kuwa hatua inayofuata, itasubiri. Nimevutwa na maoni ya wanunuzi wa Stardew Valley kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, kwani kila oni lina tarehe. Wengi huyazidisha kwa namba fulani ili kukadiria mauzo, mbinu iliyoenezwa na mtengenezaji wa michezo Mike Boxleiter. Lakini namba hiyo hutofautiana baina ya michezo, nami sihitaji jumla, ninahitaji umbo la mwezi kwa mwezi tu. Zaidi ya hayo, maoni ya Steam ni ya kompyuta pekee, hivyo yanakitenga kijito kimoja na vingine.

Kigumu kitakuwa Desemba 2020. Toleo la 1.5 lilitoka tarehe 21, siku moja kabla ya Steam kufungua punguzo lake la majira ya baridi, kwa hiyo athari mbili zimelaliana. Nitaulinganisha mwezi huo na Desemba 2018 na Desemba 2021, ambazo hazikuwa na toleo kubwa karibu nazo. Kile kitakachozidi ndicho nitakachokihesabia toleo la 1.5.